Kazi ya Watoto au ya Wazazi? Majibu kwa Wasomaji kuhusu Mashindano ya Ubunifu ya Timu za Wanafunzi

Katika toleo lililopita tuligusia, kwa aya moja tu, mashindano ambayo timu za wanafunzi hupewa tatizo lisilo na jibu moja na kuachiwa zitafute njia zao wenyewe za kulitatua. Aya hiyo imetuletea barua nyingi kuliko makala nzima iliyokuwamo. Tumechagua sita, tumezifupisha, na kama ilivyo kawaida ya safu hii tumeacha majina ya walioziandika.

SWALI: Mhariri, salamu. Mdogo wangu anayeishi Marekani ameniambia kwamba mwanawe yumo katika timu ya mashindano yanayoitwa Odyssey of the Mind, na kwamba wamekaa miezi kadhaa wakitengeneza gari na kuandaa igizo kwa wakati mmoja. Sikuelewa gari na igizo vinakutana wapi. Je, haya ni mashindano ya sayansi, ni ya sanaa, au ni chemsha bongo kama zile tunazoandaa shuleni? — *Mwalimu wa shule ya msingi, Morogoro*

JIBU: Mwalimu, chemsha bongo humpima mwanafunzi kwa jibu ambalo mtunga swali tayari analo mfukoni, na anayewahi kulitaja ndiye mshindi. Katika mashindano haya mtunga swali hana jibu lolote. Anachotoa ni tatizo, masharti yake na muda, kisha timu ishirini zinaweza kuleta majibu ishirini yasiyofanana hata kidogo na yote yakawa halali.

Odyssey of the Mind ilianzia katika jimbo la New Jersey mwaka 1978. Samuel Micklus alikuwa akifundisha usanifu wa bidhaa za viwandani katika chuo kilichoitwa wakati huo Glassboro State College, ambacho leo ni Rowan University, na alikuwa na desturi ya kuwapa wanafunzi wake kazi za ajabu ajabu, kama vile kutengeneza gari lisilo na magurudumu, mashine ya kurusha keki, au chombo cha kuvukia ziwa. Alama alizotoa hazikutegemea kama chombo kimevuka au kimezama, bali werevu wa wazo na ujasiri wa kujaribu jambo ambalo wengine hawakulithubutu. Kazi hizo zilipojulikana nje ya chuo, shule 28 za jimbo hilo zilikutana kwa mashindano ya kwanza. Hapo mwanzo yaliitwa Olympics of the Mind, lakini wasimamizi wa Olimpiki nchini Marekani walilikataa jina hilo, ndipo likapatikana la sasa.

Timu huwa na wanafunzi wasiozidi saba, nao huchagua tatizo moja kati ya matano yanayotolewa kila msimu. Moja huhusu chombo cha kusafiria, jingine mitambo, jingine fasihi, sanaa au historia, jingine jengo la vijiti vya mbao laini aina ya balsa, na la tano ni la maigizo. Lakini lolote watakalochagua, jibu lao lazima liwasilishwe jukwaani ndani ya dakika 8 likiwa na hadithi, mavazi na mandhari, na hapo ndipo gari la mpwa wako linapokutana na igizo. Tatizo hilo la muda mrefu lina pointi 200, mtindo wa uwasilishaji una 50, na pointi 100 zilizobaki hutolewa kwa tatizo la papo hapo, ambalo timu hulikuta chumbani bila kulijua kabla na bila mwalimu wala mzazi kuwamo.

Kwa mtazamaji, nadhani tatizo la jengo ndilo linalovutia kuliko yote. Watoto hujenga mnara mdogo kwa gundi na vijiti vyenye unene wa milimita tatu hivi, mnara ambao uzito wake haufiki gramu 20, kisha hupanga juu yake vyuma vizito kimoja baada ya kingine huku igizo likiendelea. Minara ya timu hodari hubeba mamia ya kilo kabla ya kupasuka. Wakati huo wote watazamaji huwa wamenyamaza, na mlio wa kijiti cha kwanza kinachovunjika husikika hadi safu ya mwisho.

Ipo pia tuzo maalumu iitwayo Ranatra Fusca, jina la kisayansi la mdudu wa majini ambaye umbo lake liliigwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika zoezi la kuvuka maji. Hutolewa kwa ubunifu wa kipekee, hata kama timu imeshika mkia katika pointi. Sijui mashindano mengi ya shule hapa kwetu yanayompa zawadi aliyeshindwa vizuri.

SWALI: Binti yangu yumo katika klabu ya ubunifu shuleni kwao. Mwalimu mlezi alitupiga marufuku sisi wazazi kuingia katika chumba chao cha kazi, na hata nilipopendekeza tu kwamba waimarishe miguu ya mashine yao kwa chuma, aliniomba kwa adabu ninyamaze. Siku ya mashindano tuliona timu nyingine ikileta mtambo ambao fundi wa Kamukunji angeona fahari kuutia sahihi yake. Timu yetu, yenye maboksi na gundi iliyochuruzika, ilirudi mikono mitupu. Je, huyu mwalimu hakuwaonea watoto wetu? — *Mzazi, Nairobi*

JIBU: Mama, hasira yako ni ya haki, ila imemwangukia asiyestahili. Mwalimu alifanya sawasawa na kanuni inayotambulisha mashindano ya aina hii. Waliokosea ni waliopokea mtambo wa watu wazima na kuupa alama za watoto.

Katika Odyssey of the Mind kanuni hiyo haina mlango wa nyuma. Kila wazo, kila mchoro, kila mshono na kila msumari lazima utoke kwa wanatimu wenyewe. Kabla ya kupanda jukwaani timu hujaza fomu ya kuthibitisha kwamba haikusaidiwa, na ikibainika ilisaidiwa, hupunguziwa pointi. Hata mzazi anayepiga kelele kutoka kwenye viti, akimkumbusha mwanawe asogeze pazia, anaweza kuigharimu timu. Destination Imagination, mashindano yaliyozaliwa mwaka 1999 baada ya mgawanyiko ndani ya Odyssey, yanashika kanuni hiyo hiyo. Kwenye FIRST LEGO League, ambayo ni mashindano ya roboti, walezi huruhusiwa kuongoza, lakini majaji huketi na watoto na kuwahoji juu ya usanifu wa roboti yao, na roboti iliyotengenezwa na mjomba haimfai mtoto asiyeweza kuieleza.

Hata hivyo, kanuni hii haimfukuzi mtu mzima. Anaruhusiwa kufundisha ustadi, mradi asifundishe jibu. Ukiwa fundi cherehani, unaweza kuwakusanya watoto na kuwaonyesha namna ya kutia uzi, kukata kitambaa na kushona pindo, kwa kutumia kitambaa chochote kisicho cha vazi lao. Ukisema, "Hapa pangependeza zipu," umevuka mpaka, kwa sababu zipu hiyo ni wazo lako. Ushauri wako kuhusu miguu ya chuma ulikuwa wa namna hiyo, na ndiyo maana mwalimu alikuomba unyamaze. Pengine ulikuwa ushauri mzuri kabisa, na uzuri wake ndio uliouzidishia madhara, kwa kuwa baada ya kuusikia watoto wasingeweza tena kujifanya hawakuusikia.

Mlezi mwenye ujuzi hubaki na silaha moja tu, nayo ni swali. Mtoto anasema, "Mashine yetu inalala upande." Mlezi anauliza inaanza kulala lini, kabla ya kuwekewa mzigo au baada yake. Mtoto hajui, anakwenda kujaribu, anarudi: inalala mara tu mzigo unapowekwa nyuma. "Na ukiwekwa mbele?" Anakwenda tena. Mazungumzo haya humaliza saa nzima kwa jambo ambalo wewe au mimi tungelirekebisha kwa dakika mbili, na kwa mzazi anayetazama saa ni mateso matupu. Lakini mtoto huyo akiulizwa na jaji kwa nini mzigo umekaa katikati, atajibu bila kumtazama mtu yeyote.

Kumtambua asiyetengeneza mwenyewe hakuhitaji upelelezi. Jaji mzuri huuliza, "Kabla ya hii mlijaribu nini kikashindikana?" Timu iliyofanya kazi yake ina hadithi ndefu ya mambo yaliyoharibika, na watoto hugombania kuisimulia: gundi iliyokataa kukauka, gurudumu lililochomoka, mwenzao aliyekalia boksi lote. Timu iliyoletewa kazi hutazamana, kisha hugeuka kuangalia mlango ambao mzazi amesimama. Mimi binafsi mtambo wa mtoto usio na kovu hata moja hunitia shaka kabla sijauliza lolote.

Kwa hiyo, usimwandikie mwalimu, waandikie waandaaji. Waombe kanuni ya kazi kuwa ya watoto iandikwe wazi katika masharti, kila timu itie sahihi, na mahojiano ya majaji na watoto yawe na alama nyingi za kutosha kuzidi mng'aro wa kifaa. Waombe pia waweke kikomo cha gharama. Katika Odyssey kila tatizo lina kikomo chake, na vifaa vilivyokwishatumika huhesabiwa kwa bei ya mitumba, si kwa bei ya dukani. Mtambo uliochomelewa na fundi ungekuwa umeshapita kikomo hicho kabla ya kufika mlangoni. Binti yako naye muulize angebadilisha nini lau angeanza upya, kisha, nakusihi, usichangie neno.

SWALI: Skuli yetu haina kompyuta wala maabara ya maana. Kila ninaposoma habari za mashindano haya naona picha za roboti. Je, skuli kama yetu ikae kando mpaka vifaa vipatikane? — *Mwalimu, Unguja*

JIBU: Hapana, Mwalimu. Roboti ndizo zinazopendeza katika picha, basi ndizo zinazoonekana.

Yapo mashindano ambayo vifaa vyake ni kalamu na karatasi tu. Future Problem Solving yaliasisiwa mwaka 1974 huko Georgia, Marekani, na E. Paul Torrance, mtaalamu wa saikolojia aliyetumia maisha yake kuchunguza ubunifu wa watoto. Timu ya wanafunzi wanne hutangaziwa mada mapema, huisoma, kisha siku ya mashindano hupewa kisa cha kubuni kinachotokea miaka mingi ijayo. Kwa muda wa saa mbili hupitia hatua sita: huorodhesha changamoto zilizomo katika kisa, huchagua moja iliyo kiini, hutoa mawazo ya kuitatua, huweka vigezo vya kupimia mawazo hayo, huyapima, kisha huandika mpango wa utekelezaji. Hatua ya pili ndiyo ngumu kuliko zote, na watu wazima wengi wanaokaa katika kamati huiruka. Kisa chenu kinaweza kuhusu kisiwa ambacho visima vyake vimeanza kutoa maji ya chumvi. Watoto wa Unguja hawatakosa la kusema.

Na kama skuli ina simu moja tu ya mkononi inayoingia mtandaoni, msipuuze Technovation, mashindano ya wasichana wanaobuni programu ya simu au kompyuta ya kutatua tatizo la jamii yao. Mwaka 2017 wanafunzi watano wa Kisumu Girls High School walifika fainali huko California kwa programu waliyoiita iCut, iliyokusudiwa kumsaidia msichana aliye katika hatari ya kukeketwa kuomba msaada na kupata kituo cha kumwokoa. Mwaka 2019 kundi lao, The Restorers, liliingia miongoni mwa watatu wa mwisho katika kugombea Tuzo ya Sakharov ya Bunge la Ulaya. Kilichowafikisha huko ni kulijua tatizo kwa karibu kuliko mtu yeyote aliye California; programu ilikuja baadaye.

SWALI: Nina timu ya wanafunzi saba wa kidato cha pili. Wawili husema kila kitu na watano hukaa kimya. Katika mazoezi ya tatizo la papo hapo, mawazo yanayotoka ni ya hao wawili tu, na ni yale yale. Nifanye nini? — *Mwalimu wa sekondari, Bukoba*

JIBU: Mwalimu, tatizo lako linajulikana na limechunguzwa kwa muda mrefu. Alex Osborn, mtu wa matangazo ya biashara nchini Marekani, ndiye aliyeeneza katikati ya karne iliyopita ule utaratibu wa watu kukaa pamoja na kumwaga mawazo bila mmoja kumkosoa mwenzake, kwa imani kwamba kundi litatoa mawazo mengi kuliko mtu mmoja mmoja. Mwaka 1958 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Yale, Taylor, Berry na Block, waliijaribu imani hiyo. Walilinganisha makundi ya watu wanne waliozungumza pamoja na watu wanne wanne waliofanya kazi kila mmoja peke yake, ambao mawazo yao yalijumlishwa baadaye na yaliyojirudia yakaondolewa. Waliokuwa peke yao walitoa mengi zaidi. Mwaka 1987 Diehl na Stroebe walionyesha sababu kubwa: ni kule kusubiri zamu. Mtu anaposubiri mwenzake amalize, wazo lake humtoroka, au huliona halina tena thamani ya kusemwa.

Basi anza kila zoezi kwa kimya. Wape swali, kisha dakika moja ambayo kila mmoja anaandika bila kuinua kichwa. Baada ya hapo wasome kwa zamu, wazo moja kwa kila zamu, wakianza wale watano, na wale wawili hodari wakija mwisho. Mara ya kwanza utaona aibu na vicheko. Wavumilie, kwa sababu kundi likishaona kwamba karatasi ya yule mkimya ina jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifikiria, litaanza kumsubiri.

Si suala la adabu tu, bali pia la pointi. Katika tatizo la papo hapo la Odyssey linalojibiwa kwa maneno, wanatimu hujibu kwa zamu na hairuhusiwi kuruka zamu. Mmoja akikwama, timu nzima imekwama huku saa ikienda. Timu yenye wasemaji wawili na wakimya watano ingenyamaza kabla ya raundi ya pili kuisha. Tena jibu la kawaida hupata pointi chache kuliko jibu la kibunifu, kwa hiyo wasemaji wako wawili wanaorudia yale yale hawaiokoi timu.

Lugha yetu ina utajiri usio na kifani kwa mazoezi haya. Waambie: "Tajeni kitu kinachofungwa." Watakimbilia mlango, dirisha, sanduku na mfuko, na hizo ni pointi za chini. Mmoja atasema goli, na darasa litacheka, na kuanzia hapo mlango wenyewe utafunguka: ndoa, saumu, safari, mjadala, hesabu za mwaka, mwizi. Usiwape mfano hata mmoja mapema, maana mfano wa mwalimu huwa ni ukuta. Wiki inayofuata jaribu "kitu kinachokatwa" au "kitu kinachopigwa", kisha waache wabuni wenyewe maswali ya kuwapa wenzao.

Kwa mazoezi ya mikono, liko zoezi lililobuniwa na msanifu Peter Skillman na kuenezwa na Tom Wujec, nalo linahitaji pakiti ya tambi tu. Kila kundi la watu wanne hupewa tambi ndefu 20, kamba na utepe wa gundi visivyofika mita moja kila kimoja, na pipi laini moja ambayo wewe unaweza kuibadilisha kwa kipande cha andazi. Ndani ya dakika 18 wajenge mnara mrefu wawezavyo, unaosimama wenyewe, wenye andazi kileleni. Wujec, aliyeliendesha zoezi hili kwa makundi mengi, amesimulia kwamba watoto wa chekechea kwa wastani walijenga minara mirefu kuliko wahitimu wapya wa shule za biashara. Wahitimu walitumia muda kupanga na kugombea uongozi, wakaweka pipi juu sekunde za mwisho, na mnara ukalala. Watoto waliiweka pipi juu tangu mwanzo, wakaona inaangusha nini, wakarekebisha, wakaiweka tena.

Utakapoliendesha, usikae na matokeo. Kaa na dakika tatu za kwanza. Andika nani aligusa tambi ya kwanza, nani aliuliza, nani alisukumwa pembeni. Baada ya zoezi wasomee ulichoandika bila kutaja majina. Watajitambua.

SWALI: Ninaishi Columbus, Ohio. Timu ya shule ya mwanangu imeniomba niwe jaji katika mashindano ya Odyssey kwa sababu kila timu inatakiwa kutoa mtu wa kujitolea. Kiingereza changu si cha kutamba, na naogopa pia kuonekana ninampendelea mwanangu. Nikubali? — *Mzazi, Marekani*

JIBU: Kubali, dada. Majaji hupewa mafunzo kabla ya mashindano, na kwa kawaida mzazi hupangwa kwenye tatizo ambalo mwanawe hashiriki, hivyo suala la upendeleo limekwishafikiriwa. Kuhusu lugha, zipo kazi za kushika saa, kupima uzito wa majengo, kupanga timu zinazosubiri na kukagua vifaa, ambazo zinahitaji macho na umakini kuliko ufasaha. Mwambie msimamizi mapema kazi uipendayo. Tena utapata faida ambayo wazazi wengi hawana: utaziona timu nyingi kutoka ndani, na mwanao atakuuliza ulichokiona. Yaliyo ya tatizo la papo hapo usimweleze yeye wala mwingine yeyote, kwa sababu tatizo hilo ni siri mpaka msimu uishe.

SWALI: Mimi ni mratibu wa elimu wa kata. Nataka shule zangu zishiriki mashindano ya namna hii, lakini sijui tuingilie wapi. Je, tunaweza kuandaa ya kwetu, na majaji tuwatoe wapi? — *Mratibu, Mkoa wa Tanga*

JIBU: Kwa shule za sekondari nchini Tanzania mlango ulio karibu zaidi ni Young Scientists Tanzania, mradi ulioanzishwa mwaka 2011 na uliofanya maonyesho yake ya kwanza mwaka 2012. Wanafunzi hufanya kazi wawili wawili, wakichunguza kwa njia ya kisayansi tatizo la mahali wanapoishi, na washindi wake wamekuwa wakipewa ufadhili wa masomo ya chuo kikuu na Karimjee Jivanjee Foundation. Jirani zetu wa Kenya wana maonyesho ya kitaifa ya sayansi na uhandisi ya shule za sekondari, ambayo nayo huchukua wanafunzi wawili kwa kila mradi, na tangu mwaka 2018 wana pia maonyesho ya Young Scientists Kenya. Haya yote yanaegemea utafiti kuliko ubunifu wa jukwaani, lakini mwanafunzi aliyepitia mojawapo hapati taabu kuhamia kwenye jingine.

Kwa shule za msingi, ningeshauri muandae yenu, na muanze kwa udogo: shule tatu au nne, siku moja ya Jumamosi, uwanja mmoja. Ngazi za UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, mnazijua, kutoka shule hadi kata na wilaya, na hakuna kinachozuia utaratibu huo huo kubeba timu za ubunifu pindi mtakapopata uzoefu. Msiharakishe kufika wilayani, kwa sababu mashindano yakipata kombe kubwa kabla ya kupata majaji wazuri, mafundi seremala huanza kuajiriwa usiku.

Tatizo litungeni kutokana na jambo ambalo watoto wanaliona, na masharti yawe machache lakini yasiyoyumba. Kwa mfano: timu ya wanafunzi watano hadi saba watengeneze chombo kitakachosafirisha mayai matatu kwa umbali wa mita tano bila mkono wa mtu kukigusa njiani, kwa kutumia vitu vilivyokwishatupwa pamoja na vya kununua visivyozidi shilingi 5,000, na safari hiyo iwe sehemu ya igizo lisilozidi dakika nane. Msiseme kama chombo kiwe na magurudumu, kiteleze kwenye kamba au kisukumwe na upepo. Wapeni wiki sita. Siku yenyewe waongezeeni tatizo dogo la papo hapo, lenye alama za kutosha kuweza kubadilisha mshindi, kwa sababu hiyo ndiyo sehemu ambayo hakuna mzazi anayeweza kuifanyia kazi nyumbani.

Majaji msiwatoe miongoni mwa walimu wa shule zinazoshindana. Tafuteni fundi seremala wa sokoni, muuguzi wa zahanati, mwalimu mstaafu, msanii wa ngoma, na mmoja wa mafundi wa pikipiki, ambao kwa kutatua matatizo bila vipuri hawana mfano. Wakutanisheni siku moja kabla, wajaribu kutoa alama kwa timu ya mfano, kisha walinganishe. Mtakuta mmoja ametoa 80 na mwingine 35 kwa kazi ile ile. Hapo ndipo kazi ya kuelewana juu ya maana ya ubunifu inapoanza, na ni afadhali ifanyike Ijumaa kuliko Jumamosi mbele ya wazazi. Karatasi ya alama iwe na nafasi ya jaji kuandika sentensi moja kwa kila timu, nayo isomwe na watoto kabla hawajaondoka uwanjani. Barua ya kuwaalika wazazi itoke mapema, na ieleze bila kuzunguka kwamba watakaa nyuma ya kamba, kwamba kelele za maelekezo zitapunguza alama za timu, na kwamba mayai ya akiba yatakuwa kwa msimamizi.